Mazoea Madogo ya Kila Siku ya Kutunza Afya ya Akili: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anaposema amelemewa na mawazo, shauri analopewa mara nyingi ni moja: usiwaze sana. Shauri hilo hutolewa kwa nia njema, lakini halisaidii kitu, kwa kuwa mawazo hayaondoki kwa kuamriwa yaondoke. Aliyelala macho yakiwa darini, akipiga hesabu ya kodi ya nyumba kwa mara ya kumi usiku huo, anajua vizuri kwamba anawaza, na kumkumbusha hilo ni kumwongezea jambo jingine la kuwazia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na mambo ambayo mtu anaweza kuyatenda hata siku ambayo hana hamu ya kutenda lolote, yaani saa ya kuamka, mwanga wa jua, matembezi, karatasi na kalamu, na mtu wa kuzungumza naye. Mwili ukipata utaratibu, mawazo hupungua makali, na yale yasiyopungua huwa rahisi zaidi kuyakabili.

Hatua zimepangwa kwa makusudi, kwa maana kila inayotangulia huirahisisha inayofuata. Asiyelala vizuri asirukie hatua ya nne au ya tano akitarajia matokeo makubwa.

Kabla ya kuanza: maswali mawili

Katika vituo vya afya vya nchi nyingi, uchunguzi wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na unyonge uliozidi, huanza na maswali mawili mepesi. Kwa muda wa wiki 2 zilizopita, je, umekosa hamu au furaha katika mambo uliyozoea kuyapenda? Na je, umekuwa na huzuni, unyonge au hali ya kukata tamaa? Yajibu kwa ukweli ukiwa peke yako, pasipo mtu wa kumwonea haya. Ikiwa hali hiyo hukujia siku moja moja, mwongozo huu unatosha kuanzia. Ikiwa hukujia zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku, fuata yaliyomo humu lakini pia nenda kituo cha afya wiki hii hii, kwa kuwa sonona ni ugonjwa unaotibika, na mazoea mema huisaidia tiba lakini hayashiki nafasi yake. Na ikiwa umeanza kuwaza kwamba heri usingekuwepo duniani, ruka hadi sehemu ya mwisho uisome sasa, haya mengine yatakusubiri.

Hatua ya kwanza: shika saa moja ya kuamka

Watu wengi wanaosumbuliwa na usingizi hushughulika na saa ya kulala, na huko ndiko wanakochoka bure. Unaweza kupanda kitandani saa 3 usiku na usingizi usije hadi saa 7, wala hakuna namna ya kuulazimisha. Saa ya kuamka, kinyume chake, unaweza kuipanga. Chagua saa moja utakayoweza kuishika siku zote za wiki, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kisha uamke saa hiyo hata kama usiku ulikuwa mbaya. Siku chache za mwanzo utasinzia mchana, na ni jambo la kutarajiwa. Uchovu huo ndio utakaouvuta usingizi mapema zaidi usiku unaofuata, na baada ya wiki moja au mbili saa ya kulala huanza kujipanga yenyewe. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, kwa hiyo anayeamka saa 11 alfajiri ahakikishe kwamba kufikia saa 4 usiku shughuli zake zimekwisha.

Sababu ya utaratibu huu kufanya kazi iko ndani ya mwili. Chembe hai za mwili zina mfumo wa kuhesabu muda unaozunguka kwa takriban saa 24, na mwaka 2017 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa wanasayansi 3 wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, waliofafanua jinsi mfumo huo unavyofanya kazi kwa kuwachunguza nzi wadogo wa matunda. Mfumo huo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, hasa mwanga wa asubuhi. Anayeamka leo saa 12 na kesho saa 4 huuchanganya mwili kana kwamba amesafiri nchi za mbali, na hali ya moyo huyumba pamoja nao.

Hapa wakazi wa Afrika Mashariki tuna neema ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, na hata Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi kuliko zote haifiki saa moja. Jijini London tofauti hiyo ni zaidi ya saa 8, na ndugu zetu waliohamia Ulaya ya kaskazini hujikuta mwezi Desemba wakienda kazini gizani na kurudi gizani. Wapo wanaoingiwa na unyonge kila msimu huo wa baridi bila kujua kwamba ni tatizo linalojulikana na lenye tiba. Kwao, kutoka nje adhuhuri wakati wa chakula cha mchana, hata kama kuna mawingu, ni jambo la lazima. Kwetu sisi inatosha kufungua mlango mara baada ya kuamka na kukaa nje dakika 15 hadi 20, ukipiga mswaki, ukifagia uwanja au ukinywa chai, mradi mwanga ukufikie usoni kabla hujaishika simu.

Anayeamka kwa sala ya alfajiri tayari ameshika nusu ya hatua hii. Kinachomwangusha kwa kawaida ni kukesha kwenye runinga usiku, au kurudi kitandani baada ya sala na kulala hadi saa 3. Kulala kidogo mchana hakuna ubaya iwapo ni kwa nusu saa na kabla ya saa 9 alasiri. Wauguzi, walinzi na madereva wa zamu za usiku hawawezi kufuata ratiba hii jinsi ilivyo, lakini wanaweza kushika saa moja ya kulala kwa kila aina ya zamu, kuziba dirisha kwa kitenge kizito, na kuwaambia watu wa nyumbani waziwazi kwamba kulala mchana si uvivu.

Kuna mambo matatu ya kuangalia jioni. La kwanza ni kahawa na chai nzito. Nusu ya kafeini, kichangamshi kilichomo ndani ya vinywaji hivyo, huwa bado imo mwilini muda wa saa 5 hivi ukishapita tangu kunywa, kwa hiyo vikombe vya kahawa chungu vya saa 11 jioni kijiweni bado vinafanya kazi saa 4 usiku. La pili ni pombe, ambayo humlaza mtu haraka na kisha humkatisha usingizi usiku wa manane, akaamka na kiu, moyo ukimwenda mbio. La tatu ni joto, kwani miezi ya Desemba hadi Machi katika mwambao wa pwani huwa vigumu kulala kabla mwili haujapoa, na kuoga kabla ya kulala husaidia kuliko wengi wanavyodhani, hasa umeme unapokatika na feni ikasimama.

Ukiamka katikati ya usiku na usingizi ukagoma kurudi, usibaki kitandani ukigaagaa. Inuka, keti penye mwanga hafifu, fanya jambo tulivu kama kukunja nguo, kusoma au kuvuta uradi, kisha urudi kitandani usingizi unapoanza kukunyemelea. Kitanda kikizoea kuwa mahali pa kuwazia, kila ukilala hapo mawazo nayo huja.

Hatua ya pili: tembea, hata kama huna hamu

Mwenye huzuni husubiri hamu ije ndipo atoke. Wataalamu wa saikolojia wamethibitisha kwamba mara nyingi mambo huenda kwa mpangilio wa kinyume, yaani kitendo hutangulia na hamu hufuata nyuma. Kwa hiyo usijiulize kama unajisikia kutembea. Jipangie umbali mdogo mno usioweza kuukataa, kwa mfano kufika dukani na kurudi, kisha uende.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Ukizigawa kwa siku 5 unapata nusu saa ya kutembea kwa mwendo wa haraka kila siku, ambayo mtu wa mjini anaweza kuipata kwa kushuka kwenye daladala au matatu vituo viwili kabla ya kile alichozoea. Wapendao kuwa na wenzao wana klabu za jogging, ambazo Dar es Salaam na Zanzibar zimejaa na nyingi hazidai zaidi ya raba na mchango mdogo wa mwezi. Kinachopatikana huko ni zaidi ya jasho, kwa sababu ukikosekana Jumamosi mbili mfululizo kuna atakayekupigia simu kuuliza kulikoni.

Lazima niseme jambo hapa, kwa kuwa miongozo mingi husahau. Mwanamke anayeteka maji kwa ndoo mara nne kwa siku, au mkulima aliyeshinda na jembe, hakosi mazoezi. Kumwambia akimbie ni kumkosea adabu. Anachokosa ni mapumziko na muda wake mwenyewe, na kwake hatua ya pili ni kutafuta nusu saa ya kuketi bila kazi mkononi, na watu wa nyumbani mwake waiheshimu nusu saa hiyo.

Hatua ya tatu: yatoe mawazo kichwani, uyaweke kwenye karatasi

Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii jinsi ya kuwasaidia watu waliolemewa na mawazo. Alikuwa amempoteza mgonjwa kijana ambaye familia yake ilikosa nauli ya kumrudisha hospitalini, akaona kwamba msaada unaomsubiri mtu hospitalini tu huwakosa wengi. Kwa kuwa hapakuwa na chumba cha kutumia, bibi hao walikaa na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, chini ya miti. Matokeo ya utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare, ukiwa na washiriki 573, yalichapishwa mwaka 2016, nayo yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na bibi kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo baadaye ulifika pia Zanzibar.

Walichokifanya bibi hao hakikuwa siri wala miujiza. Walimsaidia mtu kuyataja matatizo yake yote, kuchagua moja, kutafuta njia kadhaa za kulikabili, kuanza na njia iliyo ndani ya uwezo wake, na kurudi kueleza lilikofikia. Utaratibu huo unaweza kuufanya mwenyewe kwa daftari la mtoto la kurasa chache, na ni bora zaidi ukiufanya na mtu unayemwamini.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maandazi na supu asubuhi, mwenye watoto watatu. Anaketi jioni baada ya kuosha masufuria na kuandika kila kinachomsumbua, bila kupanga na bila kujali mwandiko: ada ya mtoto wa kidato cha pili, mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, unaodaiwa kila Ijumaa, mume asiyesema anarudi saa ngapi, mgongo, mama yake mzazi anayeumwa kijijini, mvua inayovunja biashara, jirani aliyemnunia. Yamefika saba. Yalipokuwa kichwani yalionekana hayana idadi, na hiyo peke yake ni nafuu ya kwanza.

Kisha anaweka alama kwenye yale anayoweza kuyafanyia kitu wiki hii. Mvua anaiacha, na mume naye anamwacha kwa sasa, maana suala hilo ni kubwa na linamhitaji mtu wa tatu. Anachagua ada. Anaandika njia zote zinazomjia, hata zinazoonekana za kipuuzi: kumwomba mwalimu mkuu amruhusu kulipa kwa awamu, kuchukua zamu yake ya upatu mapema kwa kubadilishana na mwenzake, kuuza kabati, kumwandikia kaka yake aliye Muscat, kuchukua mkopo mwingine wa kuulipa wa kwanza. Hiyo ya mwisho anaikata kwa mstari mzito, na anafanya vyema. Anabaki na ya kwanza, na badala ya kuandika “nitaongea na mwalimu” anaandika siku, saa na atakachobeba: Jumatatu saa 2 asubuhi, baada ya kumaliza kuuza, na shilingi 30,000 mkononi za kuonyesha nia. Azimio lisilo na siku wala saa hubaki kuwa wazo tu na huungana na mengine usiku.

Jumatatu jioni analifungua tena daftari. Mwalimu akikubali, anakata mstari na kuchagua jambo la pili. Akikataa, njia nyingine zipo kwenye ukurasa uleule, na hana haja ya kuanza kuwaza upya.

Yapo mambo yasiyo na njia: msiba, ugonjwa usiopona, ndugu aliyepotea. Kwa hayo orodha haifai. Tenga dakika 15 za kila siku za kuyawazia, kwa mfano baada ya magharibi, ukiwa umeketi mahali pamoja. Yanapokujia saa nyingine, yaambie yasubiri saa yao. Inasikika kama mchezo, lakini kuyaahirisha ni rahisi zaidi kuliko kuyafukuza, na wengi hugundua kwamba saa yao ikifika hayana tena nguvu yaliyokuwa nayo mchana.

Hatua ya nne: tafuta mtu mmoja wa kukusikiliza

Kuwa katikati ya watu si sawa na kuwa na mtu. Kuna wanaume wanaokaa kijiweni kila jioni kwa miaka, wakijua msimamo wote wa ligi na siri zote za siasa, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba mwenzake hajalala wiki nzima. Baraza za Lamu na Mji Mkongwe, vikoba, vyama, kwaya, madrasa za kina mama na jumuiya ndogondogo ni hazina kwa sababu zinawakutanisha watu kwa ratiba bila kuhitaji mwaliko. Lakini mazungumzo yenye kutuliza moyo hufanyika pembeni, kati ya watu wawili, wakati wa kusindikizana.

Chagua mtu mmoja ambaye siri hukaa kwake. Mweleze unachohitaji kabla hujaanza, kwa mfano: “Kaka, nina jambo linanielemea. Sihitaji ushauri leo, naomba unisikilize tu.” Bila maneno hayo, msikilizaji mwema ataanza kutoa suluhisho kabla hujafika katikati, na utanyamaza. Panga kukutana naye siku maalumu ya wiki, kwa kuwa aliyezidiwa huona haya kuomba na huishia kusema atampigia kesho.

Ukiwa wewe ndiye unayesikiliza, kumbuka kwamba kwa desturi yetu jibu la kwanza la salamu huwa nzuri, hata kwa mtu aliyetoka kuzika. Swali lenye kazi ni la pili, linaloulizwa baada ya salamu kwisha na kwa sauti ya chini: “Na wewe mwenyewe, unaendeleaje hasa?” Kisha unyamaze. Mwenzako akilia, mwache alie. Usimwambie wako wenye shida kuliko yeye, wala usimpe kisa chako kabla hajamaliza chake. “Pole sana, nakusikia” inatosha kwa dakika nyingi.

Viongozi wa dini wanategemewa sana katika jambo hili, na wengi wao ni wasikilizaji wazuri. Sala, dua na ibada za pamoja huwapa watu utulivu wa kweli. Mpaka ninaouweka ni mmoja tu: anayekuambia uache dawa za hospitali ili kuthibitisha imani yako, usimsikilize katika hilo.

Hatua ya tano: simu, kubeti na vilevi

Simu ilale nje ya chumba cha kulala. Nunua saa ya mezani yenye kengele, ni ya bei ndogo, na kisingizio cha kuitumia simu kuamkia kitakuwa kimekwisha. Zima sauti za makundi yote ya WhatsApp isipokuwa la familia ya karibu, na chagua nyakati mbili za siku za kuyasoma. Picha za ajali na maiti zinazosambazwa humo usizifungue, na anayezituma kila mara muombe aache. Ukiona kwamba kila utokapo kutazama maisha ya wengine mtandaoni unajiona duni, ondoa kurasa hizo kwa majina, moja baada ya nyingine.

Kubeti kumeingia kwa vijana wetu kwa jina la burudani, lakini anayekopa ili arudishe alichopoteza tayari yuko kwenye matatizo ya afya ya akili, si ya fedha peke yake. Mtu wa namna hiyo ampe mke, mama au rafiki jukumu la kushika pesa zake kwa muda, afute programu zote za kubeti kwenye simu, na alitaje jambo hilo kwa mhudumu wa afya bila aibu.

Mirungi, au miraa, huchangamsha kwa saa chache kisha humwacha mtu bila usingizi, bila hamu ya kula na akiwa na hasira za karibu. Pombe hufuata njia nyingine ya kufika palepale. Aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla akiwa peke yake, kwa kuwa kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa na kuchanganyikiwa. Aanzie hospitali.

Kuhusu chakula nina machache. Kula kwa saa zilezile, usikwepe mlo wa asubuhi kisha ukajaza tumbo usiku, na inapowezekana ule pamoja na wengine. Wasiwasi unapopanda ghafla, vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, kisha uitoe taratibu ukihesabu hadi 6, na uendelee hivyo kwa dakika 5. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo. Unaweza kufanya hivyo ndani ya daladala na asijue mtu.

Kufanya mazoea yashike

Usianze hatua zote kwa pamoja. Anza na moja, ya kwanza, na uiambatanishe na jambo ambalo tayari umelizoea: baada ya adhana, baada ya kuzima jiko, kabla ya kufunga geti. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba ilichukua wastani wa siku 66 hadi tendo lifanyike bila kujilazimisha. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Waliona pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo ukikosa leo, endelea kesho palepale ulipofikia, bila kusubiri Jumatatu wala mwezi mpya. Ramadhani huvuruga saa za kulala kwa sababu ya daku na tarawehe, na mtu apange mapema usingizi wa mchana badala ya kushangaa ifikapo wiki ya pili akiwa na hasira na kila mtu.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda, au mpeleke ndugu yako, ikiwa unyonge umedumu wiki 2 karibu kila siku, ikiwa mtu anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ikiwa hajalala siku kadhaa na bado ana nguvu nyingi, anaongea bila kituo na kugawa au kutumia pesa ovyo, au ikiwa mama aliyejifungua anashindwa kujitunza au anaogopa kubaki na mtoto wake. Kwa mzazi wa siku chache, mabadiliko ya ghafla ya akili ni dharura, na arobaini haisubiriwi.

Ukihofia kwamba mtu anafikiria kujiua, muulize kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani, na wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa za kuulia wadudu na vidonge vilivyowekwa akiba, na uende naye kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa namba 1199. Tanzania, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, pia bila malipo. Kwa ajili ya watoto, 116 hutumika katika nchi zote mbili.

Si lazima kuanzia hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe, Mathari, Butabika au Kidongo Chekundu. Hospitali ya wilaya, na mara nyingi hata kituo cha afya, huweza kuanza matibabu na kukupa rufaa ikihitajika. Ukipewa dawa za sonona, jua kwamba huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na usiziache kwa kuwa umepata nafuu bila kuzungumza na aliyekuandikia. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka kupita kiasi, na anataka kufunga amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani upungufu wa maji mwilini huipandisha dawa hiyo hadi kiwango cha hatari.

Mbele ya daktari, watu wengi hutaja kichwa, kifua na vidonda vya tumbo, wakarudi nyumbani na dawa za maumivu. Anza na mengine. Sema ni tangu lini hulali au unalala kupita kiasi, ni jambo gani ulilolipenda ambalo sasa hulifanyi, unakula kiasi gani, na kama umewahi kuwaza kufa. Yaandike kwenye lile daftari kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu foleni ni ndefu na chumbani muda ni mfupi. Taja pia dawa za kienyeji unazotumia, pombe na mirungi, kwa kuwa daktari asiyevijua anaweza kukupa dawa isiyopatana navyo. Na kama unaona vigumu kuyasema mwenyewe, nenda na yule mtu wa hatua ya nne, mpe daftari, naye ayasome kwa niaba yako.